Chupa Mbili za Chai

Chupa ilikuwa nyekundu, yenye maua ya waridi ubavuni na mdomo mpana, ya aina ile inayokaa juu ya kabati la vyombo na kushushwa wageni wakija. Mama aliishusha asubuhi ya safari yangu, akaisuuza, akaikausha kwa upindo wa kanga, akanikabidhi. Hatukutia chai. Tulitia barafu iliyopondwa, tuliyoinunua kwa jirani mwenye friza. Juu ya barafu tukakunja kipande cha taulo. Juu ya taulo tukaweka vichupa vitatu vya insulini ndani ya mfuko wa nailoni. Taulo ndilo lililokuwa na maana kuliko vyote. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenionya mara nyingi: joto huidhoofisha insulini polepole, lakini ikiganda imekufa papo hapo, na ikishayeyuka utaiona nyeupe vilevile, utajidunga ukidhani ni dawa.

Kila kichupa kina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Nilikuwa nikijidunga yuniti 26 asubuhi na 14 jioni. Kichupa kimoja, siku 25. Vitatu, siku 75. Baada ya hapo ningekuwa nimepata mshahara au kadi ya bima, au nimerudi nyumbani. Mama alihesabu kwa vidole mara mbili, akasema inshallah.

Nilikuwa na miaka 24, na sikuwa nimewahi kuvuka Morogoro. Barua ya kupangiwa kituo ilisema Kasulu, mkoa wa Kigoma, shule ya sekondari ya kata, masomo Baiolojia na Kemia. Kisukari kilikuwa kimenipata miaka mitano kabla, ile aina ya kwanza, ambayo kongosho linaacha kabisa kutengeneza insulini na mtu anaishi kwa sindano. Watu wa mtaani kwetu Tandika walijua kisukari cha wazee wanene wanaokatazwa wali. Msichana mwembamba anayejidunga tumboni kila siku walikuwa na maelezo mengine kwake, na Mama hakutaka kuyasikia tena.

"Usiwaambie," alinisihi tukiwa Stesheni, treni ikikaribia kuondoka. "Wakijua watakuona mgonjwa kabla hawajakuona mwalimu. Waache kwanza wakuone unafundisha."

Nilimwelewa. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa nikijidunga chooni, na siku sukari ilipopanda nikalala ofisini juu ya madaftari, mwalimu wangu mlezi alidhani nina mimba, nami nikamwacha adhani hivyo. Ndivyo siri inavyokula: unaitetea kwa uongo ulio mbaya kuliko yenyewe.

Siku hizi treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kwa saa chache. Yetu ilikuwa ile ya zamani, inayoondoka Dar es Salaam jioni, inalala njiani, inashinda njiani, inalala tena, na kwa mapenzi ya Mungu inafika Kigoma asubuhi ya siku ya tatu. Nilikata daraja la pili. Chumba cha vitanda sita, wanawake watupu: bibi mmoja wa Kasulu aliyekuwa ametoka kumtazama binti yake Mbagala, dada mfanyabiashara wa mitumba anayeshuka Tabora, mama wa Urambo na mwanawe wa miaka kama mitano, na wasichana wawili ndugu ambao tangu Pugu hadi mwisho walilala kitanda cha juu wakisikiliza simu moja kwa waya mmoja.

Bibi alikuwa na chupa ya chai. Ya bluu, imebonyea, kizibo kimefungwa kwa kamba ya katani. Hatujafika mbali alikuwa ameshaifungua na kugawa: kwa dada wa mitumba, kwa mama wa Urambo, kwa mtoto kwenye kifuniko. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba. Nilipofikiwa nikasema, "Ahsante bibi, mimi sinywi." Kwa kweli ile chai ilikuwa na sukari ya kumtosha mtu wiki.

"Hunywi chai?" Bibi alitazama chupa nyekundu mapajani pangu. "Na hiyo?"

"Hii... ni ya baadaye."

Hakusema kitu. Lakini chumba cha treni ni kidogo, na mtu anayekumbatia chupa ya chai usiku kucha bila kumimina hata tone moja anaeleweka kwa namna moja tu. Mtoto ndiye aliyelitoa, kama watoto wanavyotoa: "Mama, mbona dada huyu hatugawii chai yake?" Mama yake akamfinya. Mimi nikatazama dirishani, giza likiwa limeshashika na hakuna cha kutazama.

Morogoro nilinunua chupa mbili ndogo za maji ya baridi kwa wauzaji wa dirishani, nikaenda nazo chooni, nikamwaga barafu iliyoyeyuka na kuweka maji yale mahali pake. Huo ndio ujanja wangu wa njia nzima: kila stesheni kubwa maji mapya ya baridi, vichupa juu yake, taulo katikati. Niliporudi mtoto alikuwa analia, usingizi umemruka. Nilikuwa na pipi mfukoni, nane, za kunyonya. Hazikuwa za starehe. Ndizo silaha yangu sukari ikishuka ghafla. Nikampa moja. Akanyamaza. Kila alipoamka nikampa nyingine, na kila pipi niliyompa nilihisi nimelipa kikombe kimoja cha chai ambayo sikuigawa. Kufika alfajiri sikuwa na hata moja. Glukosi ya unga ilikuwepo, kopo zima, ndani ya begi langu kubwa, chini ya kiti, nyuma ya marobota mawili ya mitumba.

Saa tisa usiku treni ilisimama. Ulikuwa mwezi wa nne, masika, na tulikuwa tumeingia lile bonde la mto Mkondoa linalofuatana na reli baada ya Kilosa, kati ya Kidete na Godegode, ambapo mto na reli vimegombania njia tangu enzi za Wajerumani. Maji yalikuwa yamepanda mbele yetu. Hakuna aliyeshangaa. Watu walijifunika upya.

Mimi sikulala. Nilikaa nikiwaza jambo ambalo mwalimu wa Baiolojia peke yake anaweza kuliwaza saa kumi usiku: kwamba reli ina umri mkubwa kuliko dawa yangu. Walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, na mtu wa kwanza kuchomwa, Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda hadi mifupa. Wagunduzi waliuza haki zao kwa chuo kikuu cha huko kwa dola moja moja. Kwa hiyo miaka ile treni za kwanza zilipopita kwenye bonde hili, mtu mwenye mwili kama wangu alikuwa na tiba moja, nayo ni kushindishwa njaa ili achelewe kidogo kufa. Angeweza kufika Kigoma kwa reli. Ya kumfikisha mwaka ujao haikuwepo.

Kulipokucha mkaguzi wa tiketi alipita akisema maji yamepungua, tunaondoka sasa hivi. Nikamwuliza Gulwe ni mwendo gani. Saa moja, akasema, na hapo kuna chakula.

Msomaji anayejua treni anajua "sasa hivi" ni neno pana. Nami nilijua. Lakini nilifanya hesabu kama ninavyofanya ubaoni: dawa inaanza kufanya kazi baada ya nusu saa, Gulwe ni saa moja, nikijidunga sasa nitakula kwa wakati wake. Bafe lilikuwa mabehewa sita mbele, na nilikuwa nabana fedha hadi nilipwe posho ya kujikimu. Nikaenda chooni, nikaegemea mlango, nikavuta yuniti 26, nikajidunga. Kanuni ya kwanza tunayofundishwa kliniki ni kwamba sindano inaingia chakula kikiwa mbele ya macho yako, si kwenye ratiba. Niliijua kanuni hiyo kwa miaka mitano. Siku hiyo niliisahau kwa sababu moja: sikutaka mtu yeyote chumbani anione nikisubiri chakula ndipo niende chooni na chupa ya chai.

Treni ikaenda kama dakika kumi. Ikasimama tena.

Saa mbili na nusu nilikuwa nasoma andalio la somo nililolitayarisha kwa ajili ya wiki ya kwanza, na herufi zikaanza kutembea. Nilichukia. Nilimchukia mtoto kwa kugongesha visigino, nikawachukia wasichana wa juu na simu yao, nikamchukia mto Mkondoa. Ningekuwa mzima ningejua kwamba hasira isiyo na sababu ndiyo dalili yangu ya kwanza. Tatizo ni kwamba ubongo unaishi kwa sukari ya damu, na sukari ikiisha unaoanza kufa njaa ni ubongo huohuo uliopaswa kukuambia kwamba sukari inaisha. Ni kama shule ambayo kengele yake inagongwa na mtu aliyezimia.

Midomo ikafa ganzi. Blauzi ikalowa mgongoni. Nikasimama nitafute begi, nikakaa bila kujua kwa nini nilisimama.

"Mwalimu," nilimsikia Bibi, mbali, kama yuko ng'ambo ya mto. "Mwalimu, umepatwa na nini?"

"Malaria hiyo," dada wa mitumba akasema. "Anatetemeka. Mpeni chai yake anywe, ana chai tangu jana." Akaichukua chupa nyekundu, akafungua kizibo, akachungulia. Kimya. Kisha akatoa mfuko wa nailoni wenye vichupa na kuunyanyua juu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Nini hii? Ni dawa ya sindano!"

Nikafungua mdomo. Ulimi ulikuwa wa mtu mwingine. Neno lililotoka ni moja tu: "Kisukari."

Na hapo ndipo nilipokaribia kufa, baada ya kusema. Kwa sababu Bibi alikuwa ameshamimina kikombe cha chai yake ile nzito, ananisogezea mdomoni, na dada wa mitumba akamdaka mkono. "Bibi, unamuua! Mtu wa kisukari hapewi sukari! Hata mtoto mdogo anajua!" Mama wa Urambo akaunga mkono: shangazi yake alikatazwa hata ndizi mbivu. Walikuwa wananiokoa. Walibishana juu ya kichwa changu kwa nia njema kabisa, kikombe kikipelekwa huku na huku, chai ikimwagikia magoti yangu, nami nimekitolea macho kama mbwa chini ya meza.

Bibi alisubiri wamalize. Akasema, bila kupandisha sauti, "Ugonjwa wake siujui. Lakini mtu anayetetemeka hivi, jasho la baridi, macho hayashiki kitu, mimi nimemwona shambani mara nyingi. Huyu ana njaa. Tumtibu njaa kwanza, hayo ya hospitali baadaye." Akaushika mkono wa yule dada, akauweka pembeni kama anavyoondoa tawi njiani, akaninywesha.

Vikombe viwili. Cha tatu nilikishika mwenyewe.

Baada ya kama robo saa chumba kikarudi mahali pake, kitu kimoja baada ya kingine: kwanza kelele, halafu rangi, halafu aibu. Nikatoa mashine ya kupimia, nikachoma kidole. Ilisoma 3.1, na hiyo ni baada ya vikombe vitatu vya chai ya kumtosha mtu wiki. Nilikokuwa kabla ya hapo sipendi kukukisia. Nikasubiri, nikapima tena: 5.6. Nikawaonyesha namba kama wanafunzi. Nikawaambia yote, na nilipofika kwenye sehemu ya pipi, mama wa Urambo akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akashika mdomo.

Dada wa mitumba alikuwa analia. "Ningekuua, dada. Ningekuua na ningejiona nimefanya vizuri."

Nikamwambia kosa si lake. Yeye alichojua kilikuwa kweli kwa siku nyingine zote. Kisukari kina hatari mbili zinazotazamana. Sukari ikipanda inamwumiza mtu kwa siku, miezi na miaka, ikishuka inamwangusha kwa dakika, na watu wengi wameshasikia ile ya kwanza tu. Neno "kisukari" peke yake, likitamkwa na mtu asiyeweza kuendelea na sentensi, ni baya kuliko kunyamaza. Kama nisingesema kitu, Bibi angeninywesha chai bila kipingamizi. Nilikuwa nimeficha siri kwa miaka mitano na kuivunja kwa namna mbaya kuliko zote, yaani nusu.

Bibi alitaka naye apimwe. Nilikuwa na vijiti 20 vya kupimia, navyo vina bei, na nilishatumia viwili asubuhi hiyo. Nikampima. 7.2, ndani ya saa moja tangu anywe chai. Nzuri kwa umri wake. Aliitazama ile namba kwa muda, akaniuliza kama anaweza kupewa cheti.

Njia iliyobaki naisimulia haraka kwa sababu haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya Bibi. Gulwe alishuka mwenyewe kunitafutia mihogo ya kuchemsha. Dodoma tulifika mchana badala ya asubuhi. Saranda, pale reli inapoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, alinunua kuku na wali, akaweka mbele yangu, akauliza kwa sauti ya kusikika behewa zima: "Mwalimu, sindano kwanza au chakula kwanza?" Kila aliyeingia chumbani alisimuliwa upya, na kila mara masimulizi yalikua kidogo, hadi Itigi nilikuwa nimezimia saa nzima na povu limenitoka. Mzee mmoja alikuja kutoka behewa la tatu kuuliza habari ya nduguye mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Nikamwambia ampeleke apimwe sukari, asingoje. Kufika Tabora usiku wa manane, mabehewa yalipotengwa ya Mwanza huku na ya Kigoma kule, dada wa mitumba alinikumbatia, akanipa mfuko wa pipi. Wa kilo moja.

Nilimpigia Mama. "Wamejua," nikasema.

"Nani?"

"Behewa zima."

Alinyamaza kwanza. "Na wewe uko vipi?"

"Nimekula. Nina pipi kilo moja."

Tulipita Kaliua gizani, na mto Malagarasi kulipokucha, na Uvinza ya chumvi, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi tangu kabla ya treni, kabla ya Wajerumani. Kisha ziwa. Sikuwa nimejiandaa kwa ziwa. Mtu wa Dar es Salaam anadhani ameshaona maji. Lakini Tanganyika, ukilitazama kutoka kwenye reli inaposhuka Kigoma, lina milima ng'ambo, na milima hiyo ni Kongo. Bibi alinionyesha bandarini inakokaa Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Nikahesabu tena, ugonjwa wangu wa kuhesabu: ilipozama hakukuwa na insulini duniani, ilipoibuka ipo.

Kigoma mjini ni joto. Kasulu iko juu, na kadiri Hiace ilivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, nikaifurahia kwa niaba ya vichupa vyangu. Niliripoti halmashauri, nikapewa barua ya kwenda shuleni, nikasafiri tena nyuma ya bodaboda, begi mbele ya dereva, chupa nyekundu kifuani.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mzima, mpole, aliyechoka. Alisoma barua yangu, akatabasamu kama mtu aliyeletewa maji. "Baiolojia na Kemia," akasema. "Tuna mwalimu mmoja wa sayansi, na huyo anafundisha Fizikia na Hesabu. Una vipindi 30 kwa wiki, mwalimu. Utaweza?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema naweza. Nikasema, "Naweza, mkuu, lakini kwanza nina jambo la kukueleza, na naomba mwalimu wa taaluma awepo." Nikaanza na la mwisho badala ya la kwanza: mkiniona nina hasira bila sababu, au natoka jasho kukiwa na baridi, au nasema maneno yasiyounganika, nipeni soda au maji ya sukari, msiulize. Nikizimia msininyweshe kitu, nipakeni sukari au asali ndani ya shavu, mniwahishe zahanati. Ndipo nikawaambia ugonjwa unaitwaje. Mpangilio huo nilijifunza karibu na Godegode.

Mkuu wa shule alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Saa mbaya ni ipi?"

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hivyo. Saa mbaya ni kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu, dawa ya asubuhi inapofika kileleni na chakula cha asubuhi kinapokwisha. Mwalimu wa taaluma akatandaza ratiba, ile ya karatasi ya manila iliyojaa kufutwa kwa kisu cha wembe. Vipindi viwili mfululizo vya Kemia kidato cha nne vilianza saa tatu na dakika 20 na kuvuka mapumziko. Saa mbaya ingenikuta nimeshika chupa ya asidi. Akavihamisha. Ilimchukua siku mbili, kwa sababu ukivuta kipindi kimoja kwenye ratiba ya shule yenye walimu tisa, vinaanguka sita.

Zamu ndiyo iliyoleta maneno. Mwalimu wa zamu anakuwa shuleni kabla jua halijatoka, anasimamia usafi, mstari, waliochelewa, na mara nyingi anakunywa chai saa tano. Nikaomba nibadilishiwe: nichukue zamu za jioni na za Jumamosi, mara mbili ya wenzangu. Kwenye kikao mwalimu mmoja alisema wazi kwamba kila mtu ana matatizo yake, na kwamba wengine wanayabeba bila kuyasomea risala. Sikumjibu. Aliyeangukiwa na asubuhi zangu alikuwa yeye, na mkewe alikuwa na mtoto mchanga. Tulikuja kuelewana baadaye, ingawa hadi anahama hakuwahi kuniuliza hali yangu, nami nilipenda hivyo. Alikuwa mtu pekee pale shuleni ambaye kwake nilikuwa mwalimu mvivu wa kawaida.

Umeme haukuwepo. Zahanati ya kijiji ilikuwa na jokofu la gesi la chanjo, nyuzi mbili hadi nane, sawasawa kabisa na zinazotakiwa kwa insulini. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba jokofu la chanjo haliwekwi kitu kingine, na kila linapofunguliwa bure ni watoto wanaopunjwa. Alikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyenielekeza sokoni kwa wafinyanzi: nunua vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, mwagilia mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kwenye ufinyanzi yanaondoka na joto. Ni kazi ya mtungi wa pwani tu, umeongezewa ngozi. Baadaye nilisoma kwamba mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliwasambazia wakulima wa kaskazini mwa nchi yake vyungu vya namna hiyo miaka ya 1990 ili nyanya zisioze. Havifikii baridi ya jokofu. Lakini kichupa kilichofunguliwa kinavumilia kama wiki nne kisipopata joto kali, na changu kilidumu siku 25. Viwili ambavyo havijafunguliwa vilikaa Kasulu mjini, kwenye jokofu la duka la dawa, na mwisho wa mwezi walimu wote wanapokwenda mjini kwenye mshahara, mimi nilikwenda kwenye mshahara na kichupa.

Kidato cha tatu niliwafundisha namna mwili unavyodhibiti sukari, kwa kujichoma kidole mbele yao. Nikawaachia soda moja kwenye dawati la kiranja, kwa dharura. Wiki ya pili chupa ya soda ilikuwa tupu, hakuna aliyejua nani kainywa. Nikaweka sukari ya kawaida iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, na hiyo ilidumu, maana kuilamba ni aibu. Ilitumika mara moja, mwezi wa saba. Nilikuwa nimewageuzia mgongo naandika ubaoni, na msichana wa dawati la mbele akasimama bila kunyoosha mkono, akasema, "Madam, umeandika kongosho mara tatu," akaniletea ile karatasi.

Bibi alikuja kunitazama siku ya gulio, ametembea, na ndizi kwenye ungo. Tangu vyungu vianze kazi chupa nyekundu ilikuwa inakaa bure, basi nikaiosha, nikachemsha chai ya tangawizi, nikaijaza, nikatia sukari ya kumtosha yeye. Nikaiweka mbele yake pamoja na kikombe. Bibi akafungua kizibo, akainama, akachungulia ndani vizuri kwa jicho moja, ndipo akamimina.